Umeumia Kazini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutafuta na Kuweka Wakili wa Fidia

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa ukalimani. Nakaa katikati ya mtu aliyeumia kiwandani au ghalani na wakili, daktari au jaji wake. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kwenye korido, kabla mlango haujafunguliwa na baada ya kufungwa. Mkalimani hatakiwi kushauri, anatafsiri tu, kwa hiyo mara nyingi nimelazimika kunyamaza. Hapa sitanyamaza.

Mimi si wakili. Sheria ya fidia Marekani ni ya kila jimbo kivyake, hivyo kila nikitaja idadi ya siku au asilimia nitalitaja na jimbo. Kama jimbo lako sijalitaja, usichukue namba ya jirani. Uliza ya kwako.

## Mambo ya msingi

Fidia ya wafanyakazi ni nini hasa?

Ni bima anayoilipia mwajiri. Ukiumia kazini, au ukiugua kwa sababu ya kazi yenyewe, bima hiyo inatakiwa kulipa matibabu yako, sehemu ya mshahara unaoukosa, na malipo mengine kama kiungo hakitarudi kuwa kilivyokuwa. Katika majimbo mengi sehemu hiyo ya mshahara ni theluthi mbili ya wastani wa mshahara wako wa wiki kabla ya makato, hadi kikomo kilichowekwa na jimbo. Siku chache za mwanzo, kati ya tatu na saba kwa kawaida, hazilipwi mpaka ukae nje ya kazi muda mrefu zaidi.

Wengi hufika kwa wakili wakiwa wamesikia habari za mtu aliyelipwa mamilioni kwa maumivu aliyoyapata. Fidia haifanyi kazi hivyo. Mfumo huu, ambao Wisconsin iliuanzisha kwa uthabiti mwaka 1911 na majimbo mengine yakafuata, ni mapatano: mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea, na mwajiri naye hashtakiwi mahakamani kwa ajali hiyo. Malipo ya uchungu na huzuni hayamo. Kuna mlango mmoja wa pembeni, nao nimeueleza kwenye swali la ajali iliyosababishwa na mtu wa nje.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Bado nina haki?

Kwa kawaida ndiyo. Kuteleza, kuchoka, kusahau, hata kukosea namna ya kushika kisu hakukunyimi fidia. Kinacholeta matatizo ni ulevi, kujiumiza makusudi, au ugomvi ulioanzisha wewe.

Nimwambie nani kwamba nimeumia, na kwa muda gani?

Mwambie supavaiza wako siku hiyohiyo, na uhakikishe kuna maandishi. Sheria zina mipaka yake: Tennessee siku 15, California, New York, Georgia, Texas na Florida siku 30, Illinois siku 45. Lakini usingoje siku ya mwisho. Bega linalouma Jumatatu ukaliripoti baada ya wiki tatu, bima itauliza wikiendi zile tatu ulikuwa unabeba nini nyumbani.

Kama hakuna anayekupa fomu, tuma meseji. Si lazima iwe ndefu: "Leo tarehe 3 nikiwa nanyanyua boksi kwenye laini ya pili, bega langu la kulia limeumia. Nataka kumwona daktari." Iandike kwa Kiingereza ukiweza, kwa Kiswahili usipoweza, kisha ipige picha ibaki kwenye simu yako. Nimeona dai zima likisimama juu ya meseji ya mistari miwili.

Maumivu yaliyokuja polepole, kama vidole vinavyokufa ganzi kwa kukata nyama miezi kumi, huhesabiwa tofauti. Mara nyingi siku huanza kuhesabiwa pale ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba chanzo ni kazi. Hapo tarehe ambayo daktari aliandika neno "kazi" kwenye faili lako ina uzito mkubwa.

Nimesharipoti kwa kampuni. Nimemaliza?

Hujamaliza, na hapa ndipo watu wengi huumia mara ya pili. Kumwambia mwajiri ni jambo moja. Kufungua dai rasmi kwenye ofisi ya fidia ya jimbo ni jingine, na lina muda wake. California, Georgia na Texas hutoa mwaka mmoja. New York na Florida miaka miwili. Pennsylvania miaka mitatu. Yapo mazingira yanayouongeza au kuubadili muda huo, kama malipo ambayo bima tayari imeyatoa, lakini hesabu hiyo mwachie wakili. Kampuni inaweza kukulipia eksirei na dawa kwa upole kabisa huku mwaka ukiisha.

Lazima niweke wakili?

Si lazima. Kama ulijikata kidole, ukashonwa, bima ikalipa hospitali, ukarudi kazini baada ya siku mbili na kidole kinakunja vizuri, wakili hatakuongezea kitu, na aliye mwaminifu atakwambia hivyo.

Mtafute kama dai limekataliwa. Kama umefanyiwa au utafanyiwa upasuaji. Kama malipo ya wiki yamesimama au ni madogo kuliko theluthi mbili. Kama bima inasema tatizo lilikuwapo kabla hujaanza kazi. Kama umefukuzwa au saa zako zimepunguzwa. Au kama mtu amekuletea karatasi ya kumaliza dai ili usaini. Kwa maoni yangu hilo la mwisho peke yake linatosha. Usisaini karatasi ya kumaliza dai ambayo wakili wako mwenyewe hajaisoma. Kuzungumza naye mara ya kwanza ni bure karibu kila mahali.

Wakili wa kampuni ni mwema sana kwangu. Si anatosha?

Hapana. Wakili wa kampuni au wa bima anamtumikia anayemlipa. Anaweza kuwa mtu mstaarabu kabisa, akakuuliza habari za watoto, na bado kazi yake ni kupunguza kinacholipwa.

## Kumtafuta

Nianzie wapi?

Chama cha mawakili cha jimbo lako kina orodha kwenye intaneti. Ukiandika jina la wakili, utaona kama leseni yake iko hai na kama amewahi kuadhibiwa. Vyama vingi pia vina huduma ya kukuelekeza kwa wakili wa aina unayohitaji. Majimbo kadhaa, yakiwemo California, Texas, Florida na North Carolina, hutoa cheti cha ubingwa wa sheria ya fidia ya wafanyakazi kwa mawakili waliofanya mtihani. Wakili asiye na cheti hicho anaweza kuwa mzuri, ila mwenye nacho amepita kwenye chujio.

Waulize pia wenzako. Uliza vizuri lakini: si "nani alipata pesa nyingi?" bali "nani alikupigia simu mwenyewe?" Kama kiwandani kuna chama cha wafanyakazi, mwakilishi wake huwa anawajua mawakili wanaofika kweli kwenye vikao. Shirika lililokupokea ulipofika kama mkimbizi nalo linaweza kukuelekeza.

Wakili aliyenisaidia karatasi za uhamiaji anaweza kulishika dai langu?

Ana leseni, kwa hiyo anaweza, lakini singemshauri mtu. Fidia ina fomu zake, majaji wake na madaktari wake, na anayeifanya kila siku anajua bima fulani hukubali lini. Mwombe akuelekeze kwa mwenzake. Na yule "msaidizi wa karatasi" wa mtaani asiye na leseni ya uwakili usimpe kitu chochote kuhusu dai hili.

Mtu amenipigia simu au kunifuata hospitalini akisema ni wakili. Nimwamini?

Jihadhari. Kanuni za mawakili katika majimbo mengi haziruhusu wakili, wala mtu aliyetumwa naye, kumvamia majeruhi asiyemjua ana kwa ana ili apate kazi. Mtu anayekuletea fomu kitandani na kuahidi kiasi cha pesa kabla hajasoma ripoti ya daktari anakuonyesha mapema atakavyokuhudumia.

Sijui Kiingereza vizuri. Nitafute wakili anayejua Kiswahili?

Ukimpata, vizuri. Wengi hawampati, na si tatizo ilimradi ofisi ikubali kuleta mkalimani na wewe ukubali kumtumia. Muulize siku ya kwanza: mkalimani analipwa na nani? Mara nyingi ofisi hutanguliza gharama hiyo. Kwenye vikao vya jimbo, omba mkalimani mapema kwa maandishi. California inampa mfanyakazi haki ya mkalimani kwenye matibabu ya dai lake, gharama ikiwa juu ya upande wa mwajiri.

Usimtumie mtoto wako. Najua ndiye anayejua Kiingereza nyumbani. Lakini mtoto wa miaka kumi na mbili hajui neno la mishipa ya shingo, na hapaswi kuwa yeye anayemwambia daktari kwamba baba hawezi tena kumnyanyua mdogo wake.

Na hata mkalimani mzuri anahitaji msaada wako, kwa sababu Kiswahili chetu kina mitego ambayo kwenye dai la fidia hugeuka pesa. Mfano wa kwanza ni mkono. Sisi tunasema "mkono" kuanzia begani hadi vidoleni. Kiingereza kina neno moja la mkono wote na jingine la kiganja, na sheria hulipa kila kimoja kwa idadi yake ya wiki. Iowa, mkono wote ni wiki 250 na kiganja ni wiki 190. New York ni 312 na 244. Mguu nao ni vilevile: wayo na mguu mzima havilipwi sawa. Kwa hiyo usiseme tu "mkono unauma." Onyesha kwa kidole: maumivu yanaanzia hapa, yanapita hapa, yanaishia hapa. Na mwombe mkalimani aseme kwamba umeonyesha.

Wa pili ni saa. Nimekaa kwenye mahojiano ambapo mama mmoja alisema aliumia saa nane, akimaanisha saa nane mchana. Fomu aliyojaziwa kazini na mtu mwingine ilisema saa mbili mchana, ambayo ndiyo hiyohiyo kwa Kiingereza. Kwenye zahanati, rafiki aliyemsaidia alitafsiri "nane" kuwa nane ya Kiingereza, yaani asubuhi, kabla hata zamu yake haijaanza. Wakili wa bima aliziweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine, akauliza ipi ni ya uongo. Hakuna iliyokuwa ya uongo. Ilichukua karibu saa nzima kueleza kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Sasa kila ninayemtafsiria namsihi aseme: "saa mbili baada ya kuanza zamu," au "kabla ya mapumziko ya chakula."

Niende na nini siku ya kwanza?

Karatasi za mshahara za miezi michache kabla ya ajali, chochote kampuni au bima iliyokutumia (hata kama hukielewi, na hasa kama hukielewi), karatasi za hospitali, majina ya waliokuwa karibu ulipoumia, na simu yenye meseji. Bahasha za bima usizitupe. Muhuri wa posta unaonyesha barua ilitumwa lini.

Jambo dogo linalowahusu wakimbizi wengi: kama tarehe yako ya kuzaliwa kwenye hati ni 1 Januari, mwambie wakili mara moja. Kwenye kiwanda kimoja wanaweza kuwepo watu kadhaa wenye tarehe hiyo na majina yanayofanana, jina la mwanzo likiwa limewekwa mwisho, na ripoti ya mtu mwingine ikaingia kwenye faili lako. Zoea kuandika namba ya dai kwenye kila karatasi unayotuma.

Nimuulize wakili maswali gani?

Madai ya aina yangu umeshughulikia mangapi? Ni wewe utakayekuja kwenye kikao au mwingine? Nikipiga simu, nani ananirudishia na baada ya siku ngapi? Unaona udhaifu gani kwenye dai langu? Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Wakili anayekwambia hakuna udhaifu wowote bado hajasoma.

## Pesa

Wakili atanilipisha kiasi gani?

Kwenye fidia ya wafanyakazi, kwa kawaida hutoi pesa mfukoni kuanza. Wakili huchukua asilimia ya anachokupatia, na majimbo mengi yameweka kikomo au yanataka jaji au ofisi ya fidia iidhinishe ada. Illinois, Pennsylvania na Tennessee kikomo cha kawaida ni asilimia 20. Georgia na Texas ni asilimia 25. Asipokupatia kitu, hana ada.

Uliza asilimia hiyo inakatwa kwenye nini: malipo ya wiki, suluhu ya mwisho (yaani makubaliano ya kumaliza dai), au vyote? Malipo ambayo bima ilikuwa tayari inakulipa bila ubishi yataguswa? Jibu liandikwe kwenye mkataba.

Kuna gharama nyingine mbali na ada?

Zipo: nakala za faili la hospitali, ripoti ya daktari, mahojiano ya chini ya kiapo. Ofisi hutanguliza, kisha hukata mwishoni. Swali la kuuliza ni hili: tukishindwa, hizo gharama ni zangu au zenu? Ofisi hutofautiana sana hapa.

Wakili anaweza kunikopesha kodi ya nyumba wakati tunasubiri?

Kwa kawaida hapana. Kanuni za maadili za mawakili humzuia kumpa mteja pesa za kujikimu wakati shauri linaendelea. Katika majimbo mengi kuna vighairi vidogo tu. Akikataa, si ubahili. Kampuni zinazokopesha juu ya suluhu ijayo zipo, ila riba yake inaweza kula sehemu kubwa ya utakachopata. Mwonyeshe wakili karatasi zao kabla ya kusaini.

Pesa ya fidia inakatwa kodi ya mapato?

Malipo ya fidia ya wafanyakazi hayatozwi kodi ya mapato ya serikali ya shirikisho. Lakini kama unapokea pia malipo ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii (Social Security), jumla ya viwili kwa kawaida haitakiwi kuzidi asilimia 80 ya mapato yako ya awali, kinachozidi hupunguzwa. Namna suluhu inavyoandikwa inaweza kupunguza makato hayo, kwa hiyo mwambie wakili mapema. Deni la malezi ya watoto nalo linaweza kukatwa kwenye suluhu.

## Baada ya kumweka wakili

Daktari nachagua mimi?

Inategemea jimbo. Illinois unaweza kuchagua mwenyewe. Iowa, mwajiri ndiye huchagua. Georgia, mwajiri hubandika ukutani orodha ya madaktari wasiopungua sita, nawe unachagua humo. Pennsylvania, orodha iliyowekwa kihalali hukufunga kwa siku 90 za mwanzo. Piga picha ya orodha hiyo siku ya ajali. Kama haikuwepo ukutani, au ilikuwa imefunikwa na tangazo jingine, wakili wako atafurahi kulijua.

Bima inanipeleka kwa daktari wao. Ni lazima niende?

Kwa kawaida ndiyo. Ukikataa, malipo yanaweza kusimamishwa. Huyo daktari hakutibu. Anakuangalia mara moja, wakati mwingine kwa dakika kumi, kisha anaandika ripoti kwa aliyemlipa. Jibu kwa ukweli, usiongeze wala usipunguze. Watu wetu hufundishwa adabu ya kutolalamika: daktari akiuliza "hujambo?" tunajibu "sijambo," na ripoti inaandikwa kwamba mgonjwa amesema hana tatizo. Ukiulizwa hali yako, eleza hali ya bega.

Mweleze pia ulichougua zamani. Kama mgongo uliwahi kukuuma kambini miaka kumi iliyopita, useme, kisha useme ulipona na ukafanya kazi ngapi baada ya hapo. Kuumia juu ya maumivu ya zamani bado kunaweza kulipwa. Kuficha ndiko kunakovunja dai.

Ofisa wa bima ananipigia akitaka kurekodi mazungumzo. Niseme nini?

Mwambie una wakili, mpe jina na namba yake, ukate simu kwa heshima. Kama bado hujaweka wakili, mwambie utampigia baadaye, kisha mtafute wakili kwanza.

Kampuni imenipa kazi nyepesi. Naweza kukataa?

Kuwa mwangalifu. Ukikataa kazi ambayo daktari ameiruhusu, malipo ya wiki yanaweza kukatwa. Nenda kazini na karatasi ya daktari mfukoni. Kama imeandikwa usinyanyue zaidi ya paundi 10 na supavaiza anakupa ndoo ya paundi 30, mwonyeshe karatasi, usinyanyue, kisha umtumie wakili meseji siku hiyohiyo. Usibebe kwa aibu ya kuonekana mvivu. Nimewaona watu walioharibu upasuaji kwa aibu hiyo.

Ni kweli bima hupiga watu picha kwa siri?

Ni kweli, hukodi wapelelezi, na mitandao ya kijamii huisoma. Video ya harusi ambayo umeinua mikono kwa wimbo mmoja itaonyeshwa bila yale masaa matatu uliyokaa kitini. Ishi kama daktari alivyosema, na usiweke chochote kuhusu ajali mtandaoni.

Wakili wangu hapokei simu. Nifanye nini?

Kwanza andika, usipige tu: barua pepe fupi yenye namba ya dai na swali moja. Ana wajibu wa kikazi wa kukujulisha shauri linavyokwenda. Lakini fahamu pia kwamba fidia ina vipindi virefu ambavyo hakuna kinachotokea, hasa wakati daktari anasubiri kusema umefika mwisho wa kupona.

Ukishaandika mara mbili tatu bila jibu, unaweza kumbadilisha. Ni haki yako na huhitaji ruhusa yake. Kwa kawaida hulipi ada mbili: mawakili wawili hugawana ileile moja. Ila tafuta mpya kabla ya kumwachisha wa zamani, na usibadilishe wiki ya kikao.

Bima inataka kumaliza dai kwa malipo ya mara moja. Nikubali?

Swali la msingi si kiasi, ni unachokiacha. Kuna suluhu inayofunga kila kitu, pamoja na matibabu ya baadaye. Goti likihitaji upasuaji mwingine baada ya miaka mitano, ni juu yako. Kuna nyingine inayolipa ulemavu lakini inaacha matibabu wazi. Katika majimbo mengi jaji au ofisi ya fidia lazima iidhinishe, lakini usimtegemee jaji akuulizie yote hayo. Soma kila ukurasa kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla ya kusaini. Bima nyingi huambatanisha pia karatasi ya kuacha kazi. Kama hukutaka kuacha kazi, hapo ndipo pa kusema.

## Hali za pekee

Sina kibali cha kufanya kazi. Nina haki ya fidia?

Katika majimbo mengi ndiyo, na sheria ya California inasema wazi kwamba mfanyakazi ni mfanyakazi hata kama ameajiriwa bila kibali. Tatizo liko kwenye karatasi. Florida, watu wameshtakiwa kwa jinai kwa kutumia namba ya Hifadhi ya Jamii isiyo yao walipoomba kazi au fidia. Kwa hiyo mwambie wakili ukweli wote kabla hujajaza fomu yoyote. Mazungumzo yenu ni siri kisheria.

Nilipelekwa kiwandani na wakala wa ajira. Nimdai nani?

Mara nyingi bima ya wakala ndiyo hulipa. Ripoti kwa wote wawili, kwa maandishi. Usikubali kila mmoja akurushe kwa mwenzake mpaka muda uishe.

Mwajiri hana bima. Je?

Majimbo kama California, New York, Illinois na Pennsylvania yana mifuko ya kulipa majeruhi wa waajiri wasio na bima. Texas ni ya peke yake: mwajiri binafsi anaruhusiwa kutojiunga na mfumo, lakini akibaki nje unaweza kumshtaki mahakamani kwa uzembe, na hapo ni aina nyingine ya wakili. Ohio, Washington, Wyoming na North Dakota bima yenyewe huendeshwa na jimbo.

Naendesha gari au kupeleka chakula kupitia programu ya simu.

Kampuni itasema wewe si mwajiriwa wake. Wakati mwingine sheria inaiunga mkono, wakati mwingine jina walilokupa haliendani na kazi ilivyo kweli. Usijihukumu mwenyewe, mwonyeshe wakili mkataba.

Nafanya kazi posta, au kwenye reli.

Posta na wafanyakazi wengine wa serikali ya shirikisho wana sheria yao ya tangu 1916. Humo wakili haruhusiwi kuchukua asilimia. Unamlipa wewe, na ada lazima iidhinishwe. Kwa sababu hiyo mawakili wanaozikubali kesi hizo ni wachache. Reli ina sheria ya 1908: unashtaki, unathibitisha uzembe, na una miaka mitatu.

Aliyenisababishia ajali si mwajiri wangu. Naweza kumshtaki?

Huu ndio ule mlango wa pembeni. Kama lori la kampuni nyingine lilikugonga ukiwa kazini, au mashine ilitoka kiwandani bila kinga ya mkono, unaweza kudai fidia na pia kumshtaki huyo wa nje, na huko malipo ya maumivu yapo. Ada ya wakili huko ni kubwa zaidi, mara nyingi karibu theluthi, na bima ya fidia itataka kurudishiwa ilicholipa. Mwombe mwajiri kwa maandishi asiitupe wala kuitengeneza mashine hiyo.

Wamenifukuza baada ya kuripoti.

Kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu amedai fidia kumekatazwa karibu kila jimbo, lakini ni shauri tofauti lenye muda wake tofauti. Fidia yenyewe haifi kwa sababu umefukuzwa. Andika tarehe: siku uliyoripoti, siku ya onyo la kwanza, siku ya kufukuzwa.

Ndugu yetu alifariki kazini. Mke na watoto wako Afrika. Wana haki?

Mke, mume na watoto wanaomtegemea marehemu wana haki ya malipo, pamoja na gharama za mazishi hadi kikomo cha jimbo. Kuishi nje ya Marekani kwa kawaida hakuwafuti, ingawa baadhi ya majimbo huwapunguzia. Mwekeni wakili haraka, kabla ya kusafirisha mwili kama inawezekana, kwa sababu uchunguzi wa kitabibu unaweza kuhitajika.

Ugumu mkubwa huwa ni kuthibitisha undugu. Ndoa ya kimila haina cheti, na watoto waliozaliwa kambini wana majina yaliyoandikwa kwa namna tatu. Tafuteni karatasi za usajili wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ambamo familia imeorodheshwa pamoja. Faili la uhamiaji la marehemu, ambamo aliwataja mke na watoto. Risiti za pesa alizokuwa akituma kila mwezi. Na meseji za sauti kwenye simu yake. Simu hiyo msiifute wala msimpe mtu. Wekeni kwenye chaji.